Pedali au Kijiti

"Nimesema pedali, na pedali ndiyo tunayochukua."

"Kwani mimi naendesha cherehani, Mama?"

"Ungekuwa unaendesha cherehani ungekuwa na gauni la maana mwilini."

Muuzaji aliinamisha kichwa, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Tulikuwa tumemkalia kooni tangu alipofungua duka. Mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu, alisimama upande mmoja wa kaunta ameshika kijiti. Mimi nilikuwa upande wa pili, mkono juu ya pedali, kama mtu anayemwekea mwenzake kiti. Katikati yetu vilikuwepo vifaa vingine alivyokwisha kuvijaribu na kuvikataa, maboksi yake yameachwa wazi hovyo. Mimi ni mtunza bohari ya pampu na vipuri vyake, nina stashahada ya kazi hiyo, na boksi lililofunguliwa likaachwa vile linaniwasha mwili. Nilikuwa nayafunga huku nagombana.

"Mama," muuzaji alisema, "pedali si mbaya. Lakini inaongoza kitu kimoja tu. Ukikanyaga, sauti inapanda. Ukiachia, inashuka. Basi."

"Ndicho ninachokitaka."

"Anayepiga ni nani, wewe au yeye?"

"Muulize vizuri," Chiriku akasema. "Mimi ameshanichoka."

Chiriku ni jina la utani. Alipewa na mwanangu siku za uchumba wao, kwa sababu alikuwa akiongea bila kituo, na kama hana wa kuongea naye anaongea na sufuria. Tangu tumzike mume wake jina lile limempwaya. Siku nyingine anasema neno moja asubuhi na lingine jioni. Kwa hiyo pale dukani, pamoja na hasira zangu, kuna sehemu yangu ilikuwa inafurahi kwamba ananijibu jeuri.

Nieleze mapema tulichokuwa tunagombania, maana sipendi kumzungusha mtu. Mwanangu alijenga chombo cha muziki. Wenye kazi yao wanakiita sintesaiza ya vipande. Sisi nyumbani tulikiita Kabati, kwa kuwa ni boksi refu la mbao lenye vipande vya chuma safu juu ya safu, na kila kipande kina vifundo vya kuzungusha, kama vya redio ya zamani, na matundu madogo. Sauti haitoki mpaka uunganishe tundu na tundu kwa waya. Ukihamisha waya, umebadilisha wimbo. Na Kabati halina kumbukumbu. Ulichokitengeneza kinaishi kwenye waya zilizochomekwa, na ukizichomoa kimekwisha.

Walilipiga wawili, wamekaa bega kwa bega, mikono minne juu ya vifundo. Sasa mikono imebaki miwili. Mwalimu mmoja wa dansi alikuwa amewapa kazi ya kuwapigia wachezaji wake, muziki wa papo hapo, unaomfuata mchezaji popote anapokwenda. Baada ya msiba mwalimu alimngoja Chiriku, akamngoja tena, kisha akasema kwa upole kwamba jioni ya siku ile ya dukani angekuja nyumbani kusikiliza. Akiweza peke yake, kazi ni yake. Asipoweza, kuna mpiga gitaa anayesubiri.

Tatizo ni macho. Mtu anayemfuata mchezaji dansi hawezi kuinama anatafuta kifundo. Anahitaji kitu ambacho mkono wake unakijua bila kukitazama, cha kuliongozea Kabati lote kutoka mahali pamoja. Vitu hivyo wanaviita kontrola, na duka zima lilikuwa limejaa kontrola.

Alikuwa ameanza na bamba la kugusa, shaba tupu, unaliwekea kidole nalo linasikia umekandamiza kiasi gani. Lakini viganja vya Chiriku vinatoka jasho akiwa na wasiwasi, na bamba lilisikia jasho pia. Likapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Muuzaji akampa kitambaa ajifute. Akajifuta, paka akarudi.

"Hili linamfaa mtu mwenye roho tulivu," muuzaji alisema.

"Basi liweke mpaka nizeeke," Chiriku akajibu.

Halafu akajaribu vitelezi, safu ya vijipande unavyovisukuma juu na chini. Vile vilikuwa vizuri, hata mimi nilivipenda, vimekaa kwa mpangilio. Lakini akivisukuma vitatu, akirudi anakuwa amesahau kipi kiko wapi, na inabidi aangalie chini. Muuzaji akauliza swali ambalo naona huwauliza wateja wote:

"Unataka kinachorudi chenyewe ukikiachia, au kinachokaa pale ulipokiacha?"

"Kinachokaa," nikasema.

"Kinachorudi," Chiriku akasema.

Tulisema kwa pamoja. Muuzaji akacheka, sisi hatukucheka.

Ndipo alipoleta kijiti. Kinafanana na vile vya michezo ya kompyuta, kifupi, kina kichwa cha mpira. Ukikisukuma mbele na nyuma kinaongoza kitu kimoja, kushoto na kulia kitu cha pili, na ukikisokota kichwa chake, cha tatu. Ukikiachia kinarudi katikati kwa springi. Muuzaji alikiunganisha na mashine yake ya maonyesho, kisha akatoka nyuma ya kaunta. Ni mwanamume mnene, amevaa kandambili.

"Mimi ndiye mchezaji dansi," alisema. "Nitazame mimi, mkono usiutazame. Nifuate."

Akaanza kutembea kati ya rafu. Chiriku alisukuma kijiti taratibu na sauti nzito ikaanza kumfuata yule mtu, hatua kwa hatua, tumbo mbele. Akasimama, sauti ikasimama. Akajifanya anachungulia rafu ya juu, amesimama kwa vidole vya miguu, sauti ikanyooka na kuwa nyembamba, ikatetemeka kama yeye alivyotetemeka. Kandambili ikamvuka mguuni, naapa tuliisikia ikivuka. Mteja aliyekuwa mlangoni alipasuka kicheko. Na Chiriku akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, mkono haujaondoka kwenye kijiti, na kile kicheko chenyewe kikatikisa mkono na sauti ikacheka naye.

Niliona. Sikuwa kipofu. Niliona kwamba hicho ndicho chenyewe, na hakuna haja ya kuendelea kufungua maboksi ya watu.

Nikasema, "Na waya?"

Kicheko kikakatika.

"Waya gani, Mama?"

"Unajua waya gani."

Muuzaji akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwenye mashine yenu mna matundu mangapi yaliyo wazi?"

"La kuweza kutumika ni moja," Chiriku akasema. "La sauti, mwishoni. Mengine yana waya, au hayafiki popote."

"Basi pedali itaingia hapo. Lakini kijiti kinataka njia zake. Itabidi uchomoe zilizopo, uanze upya. Ni kazi ya nusu saa."

"Hazichomolewi," nikasema.

Yule mtu hakujua, hana kosa. "Piga picha, mama. Ukitaka utazirudisha."

"Picha ninazo. Umewahi kupiga picha tambi zilizomwagika? Niambie uzi upi umepita chini ya upi. Na hata zikirudi, zitakuwa zimechomekwa na mtu mwingine. Hizi zimechomekwa na mwanangu."

Hapo akaelewa. Aliacha kutabasamu, akavua miwani akaifuta kwa shati, kisha akaweka kijiti na pedali kwenye mfuko mmoja na kutusukumia. "Nendeni navyo vyote. Vijaribuni kwenu. Kitakachokataliwa mtanirudishia kesho."

Njiani mfuko aliubeba Chiriku.

*

Mwanangu nilimwita Baba, kwa kuwa alichukua jina la baba yangu mzazi. Chiriku alipenda kututania kwa hilo. "Mama, Baba yako amekataa kula." "Mama, mwambie Baba yako avue viatu mlangoni." Waliishi nami, vyumba vya uani, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Kabati.

Moyo wa Baba ulisimama mchana, ukumbini, alikokuwa anapanga viti vya onyesho lao la kesho yake. Mtu mzima mwenye afya, hajawahi hata kulazwa. Alipanga viti, akakaa kwenye kimoja, basi. Aliyemkuta alidhani anapumzika.

Baada ya mazishi niligawa nguo zake zote. Viatu, mashati, koti la mvua, vyote. Dada yangu aliniambia nina roho ya chuma. Nilimwambia nguo zinaliwa na nondo, na nondo hawana msiba. Bohari kwetu tuna kanuni: kipuri kisichoulizwa na mtu kinatoka rafuni, kinampisha kinachoulizwa. Niliifuata kanuni hiyo nyumbani kwangu kama ninavyoifuata kazini, na kwa muda nilidhani nimemaliza.

Lakini Kabati sikuligusa. Kila nikitoka kazini nilipita chumba cha uani, nikawasha swichi na kukaa kwenye stuli. Sauti ile, Baba alipokuwa hai, nilikuwa naifungia mlango. "Baba, redio yako imeharibika?" Naye anajibu, "Imeharibika, Mama, naitengeneza." Sasa nilikuwa naifuata mwenyewe. Inaanza chini, inapanda polepole, inafika mahali inasita, kisha inashuka, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo akakumbuka kwamba kuna kitu amesahau chini. Halafu inapanda tena.

Chiriku aliirekodi, akaniwekea kwenye simu. Sikuitaka. Rekodi inarudia. Ndani ya Kabati kuna kipande kinachochagua chenyewe sauti ipi ifuate, kwa hiyo haikuwahi kusita mahali pamoja mara mbili. Nilikuwa nakaa pale nikijaribu kukisia itasita wapi, na nakosea kila mara. Mtu ambaye hujui atafanya nini sasa hivi, huyo bado yupo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sikumwambia mtu, maana najua ingesikikaje mdomoni mwangu.

Basi ndiyo sababu ya pedali. Haikuwa na uhusiano wowote na miguu. Pedali inaingia kwenye lile tundu moja lililo wazi na haisumbui kitu. Mimi nilijua sababu hiyo, Chiriku alijua kwamba najua, na tangu asubuhi tulikuwa tunagombana kana kwamba hakuna anayejua.

*

Mwalimu wa dansi alifika mapema, jua likiwa bado juu. Ni mwanamke mwembamba, nywele kazinyoa karibu na kichwa, begi begani. Alinipa pole kwa mikono yote miwili. Kisha akavua viatu, akasogeza ndoo na fagio zilizokuwa mlangoni mwa chumba cha Kabati, akapata nafasi ya kutosha kuzunguka, nusu ndani nusu uani.

"Sitacheza," alisema. "Nitatembea tu, kama mtu aliyepoteza kitu. Wewe nifuate."

Chiriku aliniangalia. Nilikuwa nimeshachomeka pedali mwenyewe kabla mgeni hajaingia. Kijiti kilikuwa bado ndani ya boksi lake, juu ya dirisha. Hakubishana. Alikaa kwenye stuli, akavua kandambili, akaweka mguu.

Mwalimu alianza kutembea. Kabati likaanza kupanda ngazi zake. Chiriku alikanyaga, sauti ikawa kubwa. Akaachia, ikawa ndogo. Mwalimu akapiga magoti, akapapasa sakafu. Sauti ilipungua, lakini ilikuwa bado inapanda. Mwalimu akalala chali kabisa, mikono imetanuka, hatikisiki. Sauti ikafika juu, ikasita, ikaanza kushuka, ikapanda tena, kwa unyenyekevu, chinichini, kama redio ya jirani.

"Mimi nimelala," mwalimu alisema akiwa pale pale chini, "na yeye bado ana safari."

Chiriku alitoa mguu.

"Ni nzuri," mwalimu aliendelea, akaketi. "Sijasema si nzuri. Ni ya huzuni, inanifika. Lakini hainioni, dada. Inakwenda zake."

"Najua."

"Unajua nampigia simu nani kesho kama haiwezekani."

"Najua."

Mimi sijazoea kusimama nikitazama kazi inaharibika. Nikasema, "Vifundo si vipo? Mlikuwa mnavizungusha kwa mikono minne. Nitazungusha mimi."

Wote wawili waligeuka.

"Wewe, Mama?"

"Nina mikono miwili na sina mgonjwa wa kuuguza."

Chiriku akasogea kwenye stuli, nikakaa ubavuni pake, nyonga kwa nyonga, mahali alipokuwa anakaa Baba. Alinionyesha kifundo kikubwa cha katikati. "Hicho tu. Nikitikisa kichwa, unazungusha kidogo kushoto. Polepole, Mama. Kama unamfunika mtoto shuka."

Mwalimu akaanza kutembea. Nilikuwa makini kuliko nilivyokuwa kwenye mtihani wangu wa stashahada. Chiriku akatikisa kichwa.

Sasa mimi maisha yangu yote nimefunga valvu za pampu. Valvu hufungi kama unamfunika mtoto. Unashika, unazungusha mpaka mwisho, unahakikisha imekaza. Mkono ulifanya ulichokijua. Kabati likatoa ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mashine wala kwa mnyama. Mwalimu aliruka kando akagonga ndoo, mbwa wa jirani akaanza kubweka, na Chiriku akajiinamia magotini, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama! Umemfunika mtoto mpaka puani!"

Mwalimu naye alikuwa anacheka, ameshika ukuta. Nilicheka na mimi, nifanyeje. Ilikuwa dakika nzuri.

"Haya, rudisha," Chiriku akasema akijifuta macho. "Rudisha kilipokuwa."

Nikaweka mkono kwenye kifundo, na sikujua kilikuwa wapi.

Kina mstari mdogo mweupe unaoonyesha kimeelekea wapi. Nilijaribu kuukumbuka ule mstari. Nilikuwa nimekitazama jioni zote zile, kifundo kile kile, usawa wa macho yangu. Nilikirudisha kulia kidogo, sauti ikawa nzito mno. Nikakipeleka mbele, ikawa nyembamba. Nikakirudisha. Ngazi zilikuwepo lakini hazikuwa zile. Mimi, ninayebandika lebo hata kwenye chupa yangu ya maji, sikuweka alama hata ya penseli.

"Kilikuwa wapi?" nikasema. "Chiriku, kilikuwa kimeelekea wapi? Wewe ulikuwa unakaa hapa. Kilikuwa huku au huku?"

"Acha tu, Mama."

"Usiniambie niache! Kilikuwa wapi?"

Mwalimu aliokota viatu vyake kimyakimya, akatoka, akaenda kusimama karibu na bomba la uani na kutugeuzia mgongo.

"Mama, niachie mkono. Unakivunja."

Niliachia. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Kabati liliendelea kupanda, sauti ya mtu nisiyemfahamu.

"Nimeiharibu," nikasema. "Nimekaa nakuzuia wewe usiiguse, kisha nimeiharibu mwenyewe. Ndicho kitu cha mwisho alichokitengeneza."

Chiriku akasema, bila kunitazama, "Hakuwa anatengeneza."

"Nini?"

"Alikuwa anafumua."

Sikumwelewa. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani, pembeni ya Kabati, kwenye ubao wenye misumari ambako kulikuwa na waya zimekunjwa na kutundikwa. Nilizijua waya zile. Nilizifuta vumbi kila nilipofagia chumba, na nilikuwa nimezipanga upya kwa rangi, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi.

"Hizo ni za akiba," nikasema.

"Hatukuwa na waya za akiba. Alikuwa amezichomoa asubuhi ile. Wimbo ule tulikuwa tumeumaliza, akasema umemchosha, afumue tuanze mwingine kwa ajili ya mwalimu. Alianza upande wa kushoto, kama kawaida yake. Anachomoa, anakunja, anatundika, anapiga mluzi. Kisha wakampigia simu kutoka ukumbini, viti vimeletwa, hakuna wa kuvipanga. Akaniambia nisiguse, atamalizia akirudi."

Nikatazama misumari.

"Kwa hiyo hii ninayoisikiliza..."

"Ni iliyobaki. Ule wimbo hausiti, Mama. Ulikuwa unapanda mpaka juu kabisa na unafika. Unasita kwa sababu waya ya kuufikisha juu iko pale msumarini."

"Na wewe umejua siku zote."

"Ndiyo."

"Umeniacha nikae hapa kama mjinga."

"Ningekwambiaje?" Sauti yake ilipanda, kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa na mzaha wowote ndani yake. "Uligawa viatu vyake, Mama! Uligawa mpaka mswaki, sijui ulimpa nani mswaki! Nilikuwa nalala naogopa nitaamka nikute umegawa na mto. Halafu nikakuona umekaa humu. Hulii kwenye mazishi, hulii jikoni, humu unakaa na mikono mapajani, unasikiliza. Nikasema basi, abaki nayo hata kama ni nusu. Nusu ni afadhali."

"Mswaki niliutupa," nikasema. "Nani anagawa mswaki?"

Alinitazama. Uso ulikuwa umemvimba kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Mimi machozi yalikuwa yanatoka, na sikuyafanya chochote, maana mikono yangu haikukumbuka kwamba hiyo ni kazi yake.

Nililia kwa ajili ya ile ngazi. Nilikuwa nimejenga mtu mzima kutokana na kule kusita. Nilikuwa nimesema, huyu ndiye Baba, anapanda, anakumbuka kitu, anarudi. Kumbe lilikuwa pengo la waya. Yeye mwenyewe hakuutaka wimbo ule. Ulimchosha. Angekuwa hai usingekuwepo tangu mchana ule ule, na mimi ningekuwa jikoni nafunga mlango dhidi ya wimbo mwingine.

Uani, mwalimu alikohoa kidogo. Si kwa kutuharakisha, nadhani koo lilimkauka. Lakini ilinikumbusha kwamba kuna mtu amesimama kwenye jua akitusubiri, na kwamba akivaa vile viatu akatoka, Chiriku atarudi kwenye neno moja asubuhi na moja jioni, na mimi nitabaki na stuli.

Nikajifuta uso kwa kanga yangu.

"Alikuwa amefikia wapi?"

"Mama, si lazima leo. Nitamwambia—"

"Nimekuuliza amefikia wapi."

Akanionyesha. Safu ya pili, katikati, waya ya kijani.

"Anachomoa moja moja au zote kwa mkupuo?"

"Moja moja. Anashika kichwa cha waya, siyo waya yenyewe. Ukivuta waya yenyewe inakatika ndani." Akaweka mkono kwenye swichi. "Nizime kwanza?"

"Acha iwake."

Nilishika kichwa cha ile ya kijani, nikavuta. Ilitoka kwa mlio mdogo. Ngazi zikawa fupi. Niliikunja waya, nikampa Chiriku, naye akainuka akaitundika. Nikachomoa iliyofuata, nyekundu, na sauti ikaacha kusita. Ilienda moja kwa moja chini na kukaa huko. Nikampa. Njano ilikuwa imepita chini ya nyeusi mbili, ilinibidi niifuate kwa kidole kujua inaishia wapi, na pale inapoishia kulikuwa na alama ya gundi ambayo bila shaka ni ya Baba, hakuwa na subira na gundi. Nikachomoa. Nikakunja. Mwalimu alikuwa amegeuka sasa, anatutazama kutoka bombani, viatu mkononi.

Nilipofika upande wa kulia Kabati lilikuwa limebaki na mlio mmoja tu, tambarare, kama wa friji. Pedali nayo nikaichomoa, nikairudisha kwenye boksi lake na kulifunga. Nikaondoa boksi la kijiti dirishani, nikamwekea Chiriku mikononi.

Ilibaki waya moja, nyeusi, fupi, ile inayopeleka sauti kwenye spika. Nilishika kichwa chake. Nilisikiliza ule mlio kidogo, si sana, maana watu walikuwa wananingoja, kisha nikavuta na kuinuka kwenye stuli, nikampisha Chiriku.